Miguu Iliyofichwa Chini ya Rangi

Hospitalini kila mtu alimjua kwa jina la Vutapumzi, na jina hilo alijipatia kwa mdomo wake mwenyewe. Alikuwa mpiga eksirei. Kutwa nzima alisimama nyuma ya ukuta wa madini ya risasi unaozuia mionzi, wenye kidirisha, akiwaimbia wagonjwa wa kifua: "Vuta pumzi... ibane hapo hapo... haya, achia!" Sauti yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba hata waliokaa kwenye benchi nje walivuta pumzi na kuibana. Mzee mmoja wa mkongojo aliwahi kugonga mlango, uso umemvimba, kuuliza kama na yeye ameruhusiwa kuachia.

Aliipenda kazi ile kupita kiasi. Miaka nenda miaka rudi, moyo bado ulimruka kila picha ilipojitokeza kwenye skrini: kwanza ukungu, halafu mbavu, halafu moyo wa mtu umekaa kando kama mgeni asiyejua aketi wapi. "Watu wana mengi ndani," alimwambia mumewe mezani. Mumewe, seremala asiye na maneno mengi, alimjibu, "Na wewe huwaachii hata moja."

Mtaani, hata hivyo, ukoo wao ulikuwa na jina jingine, ambalo hakuna aliyelichagua. Waliitwa Magoti. Nyumba ya Magoti, watoto wa Magoti, duka la kufuli la Mzee Magoti, yaani baba yake. Na yote yalitokana na picha moja ya rangi iliyotundikwa kwenye ukumbi wa mji tangu enzi za mkoloni.

Picha yenyewe ilikuwa na upana wa kitanda cha watu wawili. Upande mmoja amesimama ofisa wa dola, mavazi meupe pe, kidevu juu, jua limemwangukia yeye peke yake kana kwamba nalo limeajiriwa na serikali yake. Mbele yake amepiga magoti mtawala wa nchi, kilemba kikubwa kama mto wa kulalia, macho chini, anamkabidhi upanga kwa mikono miwili. Walinzi wa mtawala wamelala nyuma, wamelala fofofo, midomo wazi. Mwanamke kifua wazi anapunga upepeo wa manyoya. Kuna zulia, kuna ngozi ya chui, kuna ngamia. Mji ule haukuwahi kuwa na ngamia hata wa dawa.

Mtawala yule alikuwa babu yake baba yake Vutapumzi.

Mkoloni alijua pa kuitundika. Aliiweka ikitazamana na dirisha la kodi, ili kila aliyekuja kulipa asimame kwenye foleni akimtazama mkubwa wake alivyoshushwa. Baadaye ikaingia kwenye vitabu vya shule, kwenye kalenda, hata kwenye vifuniko vya makopo ya biskuti. Mkoloni akaenda zake, lakini picha ikabaki ukutani, maana siku ile ya shamrashamra hakuna aliyekumbuka kuiuliza kama nayo inafungasha. Shuleni wenzake walikuwa wakimwambia, "Hebu piga magoti kama babu yako!" Naye alikuwa akirusha ngumi kwanza na kufikiri baadaye, na mara nyingi alirudi nyumbani yeye ndiye aliyevimba jicho.

Baba yake hakuizungumzia picha ile kamwe. Siku ya kuandikisha ndoa ya Vutapumzi pale ukumbini, alisimama mwanzo hadi mwisho akiipa mgongo, na kwenye picha za harusi anaonekana kama mtu aliyekuja kukagua milango.

Aliyeizungumzia ni shangazi, dada mkubwa wa baba, mwanamke mwenye ulimi wa kunyolea. "Hakupiga magoti yule," alisema kila aliposikilizwa na hata asiposikilizwa. "Mama yangu aliambiwa na mtu aliyekuwepo. Alisimama kutwa nzima, akasema nao, wakapatana. Kisha wakamgeuka." Watu walicheka wakisema bibi anatia chumvi. Vutapumzi mwenyewe, tuseme kweli, hakuamini. Alimpenda shangazi yake, akamhurumia, akadhani anaifunika aibu ya nyumba kwa kanga.

Basi mwaka ule mvua zilinyesha kwa fujo, paa la ukumbi likavuja, maji yakateremka juu ya picha na rangi ikaanza kubanduka. Baraza la mji likamwita fundi wa picha za kale kutoka jumba la makumbusho la mji mwingine. Alikuwa mwanamke mwembamba, miwani inaning'inia kwa kamba, anayeongea kwa kasi kana kwamba anakimbizwa. Alipoikagua akasema hawezi kuigusa kabla hajajua hali ya ndani: turubai limechanika wapi, mafundi wa zamani walitia viraka wapi. Na makumbusho hawakuwa na mashine ya eksirei. Akaja hospitalini.

Daktari mkuu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mgonjwa ana umri gani?"

"Kama miaka mia na kitu, daktari."

"Analalamika nini?"

"Ngozi inambanduka."

Daktari akacheka hadi akavua miwani. "Mleteni Jumapili mchana, hakuna kliniki. Lakini aulizwe mpiga eksirei kwanza, mashine ni ya hospitali ila anayeitawala ni yeye."

Vutapumzi alipoambiwa ni picha gani, masikio yalimwaka moto. Angeweza kukataa. Angeweza kusema mashine haina nafasi, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alihisi kitu kikimpanda kifuani ambacho hakukijua kama ni hasira au shauku. Maisha yake yote picha ile ilikuwa imemtazama kutoka juu. Sasa italala kwenye kitanda chake, chini ya mashine yake, itulie ikiambiwa.

"Nitaipiga mimi," alisema. "Mtu mwingine asiiguse."

Jumapili lori likafika, picha imefungwa mablanketi kama mgonjwa wa degedege. Kikwazo cha kwanza kilikuwa mlango. Fremu ile ya dhahabu, nene kama kizingiti, haikupita, si kwa ubavu wala kwa kusimama. Mumewe Vutapumzi aliitwa na vifaa vyake, akaizunguka mara mbili, akaifungua taratibu bila kuvunja hata ncha moja, na picha ikaingia ndani bila fahari yake, turubai na mbao tu.

Wakati huohuo shangazi akatokea koridoni, amevaa nguo zake za kwendea harusi.

"Shangazi, nani amekwambia?"

"Mji mzima unajua. Nimekuja kumsindikiza mgonjwa. Ana ndugu gani mwingine hapa?"

Ikabidi Vutapumzi amweleze fundi kwamba yule aliyepiga magoti ni mzee wao. Fundi alitulia kwa mara ya kwanza tangu afike. "Ningejua ningekuomba ruhusa wewe kabla ya daktari," alisema. Vutapumzi akampenda hapohapo.

Wakailaza kitandani. Fundi alieleza kwamba wachoraji wa zamani walitumia rangi nyeupe yenye madini ya risasi, na mionzi haipenyi risasi. Kwa hiyo palipo na nyeupe hiyo, hata ikifunikwa na rangi nyingine juu yake, patang'aa. "Kama ukuta wangu," alisema Vutapumzi. "Kama ukuta wako," alijibu fundi. Nguvu ya mashine Vutapumzi akaishusha kabisa, chini hata ya ile anayotumia kwa mkono wa kichanga. Kwa kuwa picha ni kubwa, wangeipiga kipande kwa kipande, kisha fundi aviunge kwenye kompyuta.

Akaingia nyuma ya ukuta. Kwa mazoea mdomo ukamponyoka: "Vuta pumzi, ibane!" Na shangazi, nje ya mlango, akabana.

Vipande vya mwanzo vilikuwa vya upande wa ofisa. Hakukuwa na ajabu. Mavazi yake meupe yaling'aa, vifungo vimejipanga, kidevu kiko palepale. Misumari iliyoshikilia turubai kwenye mbao ilionekana kama meno. Fundi alionyesha mpasuko mmoja na kiraka kimoja, akaandika, akaridhika.

Kisha wakasogeza mashine hadi kwenye magoti.

Kipande kilipojitokeza kwenye skrini, Vutapumzi alisonya. Alidhani ameharibu. Pale palipopaswa kuwa na giza la zulia na mkunjo wa magoti, palikuwa na mwale mrefu mweupe, umenyooka kama nguzo, unashuka hadi chini. Picha mbili zimepandana, aliwaza. Hutokea mgonjwa akitikisika. Lakini mgonjwa huyu alikuwa wa turubai, atikisike vipi? Akasafisha, akapanga upya, akapiga tena.

Nguzo ilikuwa palepale.

Sasa moyo ulianza kumdunda hadi alihisi kwenye meno. Akaisogelea skrini. Kwa miaka yote ile alikuwa amezoea kutafuta mfupa katikati ya ukungu, na macho yakaanza kazi yenyewe. Mkunjo wa nguo. Mkunjo mwingine sambamba nao. Ncha ya vazi. Na chini ya ncha ya vazi, zimeelekea mbele, zimekanyaga ardhi sawasawa, nyayo mbili ndani ya viatu.

"Fundi," aliita, na sauti ikatoka nyembamba kama ya mtoto. "Fundi, njoo. Huyu mtu amesimama."

Fundi alikuja mbio, akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena. "Piga kipande cha juu," alisema. "Piga, piga, usingoje!"

Wakapiga. Juu ya kichwa kilichoinama kulikuwa na kichwa kingine, kimefunikwa, kimeinuliwa, kinamtazama ofisa macho kwa macho. Hakina kilemba cha mto. Kina kofia ndogo ya kawaida. Wakapiga kando. Pale kwenye zulia na ngozi ya chui pakatokea kitu kipana cheupe chenye pembe nne, na wote wawili walikitazama bila kuelewa, mpaka Vutapumzi alipoona kivuli cha mguu wa mbao chini yake.

"Ni meza! Meza yenye kitambaa!"

"Na mkono wake uko juu ya meza," alisema fundi. "Hakushika upanga. Ona, upanga umechorwa juu, ndani hakuna upanga kabisa. Hawa watu walikuwa wanazungumza! Walikuwa mezani wanazungumza!"

Walishikana mikono wakarukaruka kama wasichana wa shule, wanawake wawili wazima, kisha wakakumbuka wamesimama karibu na turubai la thamani wakatulia, kisha wakaanza tena.

Shangazi alifungua mlango bila kubisha. "Kuna nini? Amekufa?"

Vutapumzi alimvuta hadi mbele ya skrini, akamwonyesha kwa kidole, taratibu: nyayo, vazi, mkono, kichwa. Shangazi hakuona kitu mwanzoni. Aliinamisha shingo huku na huku. Halafu akaona. Hakulia, wala hakusema "nilisema." Alirudi koridoni kwa hatua zake za pole, akasimama katikati, akapiga vigelegele ambavyo viliwatoa wauguzi wodini na kumwamsha mlinzi getini.

"Nani amejifungua?" muuguzi mmoja aliuliza.

"Mimi!" alijibu shangazi.

Jioni hiyohiyo fundi, akiwa kwao Vutapumzi na kikombe cha chai alichosahau kukinywa, alieleza anachokijua. Mchoraji yule alikuwa mtu wa dola, alisafiri pamoja na msafara, na inaelekea alichora kwanza alichokiona. Kisha picha ikabadilishwa, kwa mkono wake mwenyewe, maana rangi na mipigo ya brashi ni ileile. Aliambiwa na nani? Hajui, na hataki kubahatisha. Ila zulia lile analijua. Aliwahi kuliona kwenye picha nyingine mbili za mchoraji huyohuyo, za nchi mbili zilizo mbalimbali kabisa. Na ngamia pia. Mchoraji alikuwa navyo vifaa vyake tayari kwenye karakana huko kwao, na watu wowote aliotaka waonekane wavivu, wakali au wapumbavu, aliwatandikia zulia lilelile na kuwaletea ngamia yuleyule.

"Kumbe ngamia alikuwa mwajiriwa," alisema mumewe Vutapumzi, na siku hiyo akahesabiwa kuwa mwongeaji.

"Lakini mimi kitu kimoja kinanikera," alisema Vutapumzi. "Nchi walishaichukua. Bunduki wanazo, kodi wanakusanya. Walihitaji magoti ya nini tena?"

Fundi alifikiri. "Mtu uliyezungumza naye mezani, ukimnyang'anya, wewe ni mwizi. Aliyekupigia magoti, hujamnyang'anya. Amekupa. Na wa kwao kule waliotazama picha walihitaji kulala usingizi mzuri."

Baba yake alikuwa amekaa pembeni muda wote. Walipomwonyesha vipande vilivyounganishwa, alivuta kiti karibu na kompyuta, akaweka viganja juu ya magoti yake, akatazama. Alitazama hadi chai ya wote ikapoa. "Kofia hii," alisema hatimaye, "baba yangu alikuwa nayo." Basi. Lakini kesho yake asubuhi, bila kumuaga mtu, alifunga duka akaenda ukumbini, akamkuta mhudumu anadeki, akasimama mbele ya ukuta mtupu pale picha ilipokuwa. Mhudumu alipomuuliza anatafuta nini, alijibu, "Napima mahali."

Habari zikawaka mji mzima. Sokoni, kwa kinyozi, kwenye foleni ya maji, watu walibishana kama wachambuzi wa mpira. Mwenyekiti wa baraza aliitisha mkutano, na mkutano ukajaa hadi wengine wakasikilizia madirishani. Yeye alikuwa na wasiwasi. "Picha hii inajulikana duniani," alisema. "Wageni huja kuitazama. Tukianza kusema ni ya uongo, tutatundika nini?"

Shangazi alisimama. "Ikwanguliwe! Aliye juu atoke, aliye chini apumue!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Fundi akalazimika kupanda kitini ili asikike. Alieleza kwamba ukikwangua, unawapoteza wote wawili. Rangi za tabaka hizo zimeshikana kama ngozi na nyama. Watu wakaguna. Mmoja akataka ichomwe kabisa, mwingine akataka ipelekwe kwa wenyewe huko ng'ambo wakaangalie uongo wao. Kelele zikapanda.

Vutapumzi hakuwa mtu wa majukwaa. Lakini alijikuta amesimama, na alipofungua mdomo, sauti yake ya kazi ndiyo iliyotoka, ile inayosikika hadi benchi la nje.

"Mimi nashughulika na watu waliovunjika kila siku," alisema. "Mtu akija na mkono umeungwa vibaya, siufichi ule mkono. Naupiga picha, naiweka kwenye mwanga, daktari anaona mkono na anaona ulivyovunjwa. Hii picha iacheni ilivyo. Fundi aitibu. Muirudishe ukutani palepale, magoti na ngamia wake. Halafu ile eksirei yangu tuikuze, ukubwa uleule, tuiwashie taa nyuma, tuiweke ubavuni mwake. Anayeingia aone vyote viwili kwa pamoja. Nataka watoto waone aliyesimama, na waone pia jinsi alivyopigishwa magoti, na kwa brashi tu! Bila hivyo watafanyiwa tena na hawatajua."

Kisha shangazi akasema kwa sauti ya kunung'unika, lakini ya kusikika, "Huyu nimemlea mimi," na hapo watu wakacheka na jambo likapita.

Siku ya kufungua, foleni ilizunguka ukumbi. Mumewe Vutapumzi alikuwa ametengeneza sanduku la mbao lenye taa ndani, na lilipowashwa watu walishusha pumzi kwa pamoja. Ubavuni mwa rangi zile nzito akatokea mtu wa mwanga, mrefu, mkono mezani. Walimu waliwaleta wanafunzi. Kijana mmoja alijipanga mbele ya picha kama ofisa, mwenzake akasimama kumkabili, na wakabishana mkataba wa mpira hadi wakafukuzwa. Baba yake Vutapumzi alikuwa amevaa suti aliyokataa kuivaa kwenye harusi ya bintiye. Alikaa kwenye kiti mbele kabisa, akielekea ukutani, akimsalimu kila aliyepita kama mwenye nyumba.

Kilichowasha moto wa pili ni yule mwanamke wa upepeo. Wiki zile za kazi fundi alikuwa ameomba sehemu ile iliyobaki nayo ipigwe, na kwenye eksirei upepeo haukuwepo, wala kifua wazi. Alikuwapo mwanamke aliyejifunga nguo hadi mabegani, ameketi mezani, kati ya mtawala na ofisa, uso ameugeuzia huku, kidole kimeinuliwa kama mtu anayesema "ngoja kwanza nimalize." Mkalimani? Dada yake mtawala? Mwenye ardhi? Hakuna aliyejua. Hata shangazi, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alikiri kwamba hili hakusimuliwa.

Mama mmoja muuza vitambaa alisogea hadi pua ikakaribia kugusa mwanga, akageuka, macho yanametameta.

"Huyu pua ni ya kwetu," alisema. "Nyinyi wenye kupiga picha mko wapi? Nina bibi mgonjwa nyumbani, haoni vizuri lakini kumbukumbu anazo zote. Mnaweza kuja nayo hii picha?"

"Leo?" aliuliza Vutapumzi.

"Mbona leo isiwe?"

Fundi alikuwa tayari ameshika mkoba wa kompyuta yenye picha zile. Vutapumzi aliangalia watu waliojaa, akamwangalia baba yake anayepokea salamu, akampungia mumewe mkono kumwonyesha kwamba anatoka, na wale wanawake watatu wakashuka ngazi za ukumbi wakiongea wote kwa pamoja, hakuna anayemsubiri mwenzake amalize.